Kilo kumi ndani ya siku saba: kinachopungua ni nini hasa?

Kuna ratiba inazunguka sana kwenye magrupu ya wasap hapa Kigoma, na kila msimu wa harusi ukikaribia inarudi imebadilishwa jina tu. Asubuhi maji ya uvuguvugu na limao, mchana mayai mawili ya kuchemsha na tango, jioni tufaha moja au karoti, usiku chai ya tangawizi isiyo na sukari. Siku saba, kilo kumi chini. Nimekaa na kalamu nikaipigia hesabu: yai la kuchemsha lina kalori kama 70, tango zima halifiki 50, tufaha ni kama 90, ukijumlisha siku nzima hufiki hata kalori 350. Sasa mwanamke mzima mwenye shughuli za kawaida anahitaji kama 2,000 kwa siku, mwanaume kama 2,500, na anayelima au anayebeba mizigo pale Kibirizi anahitaji zaidi ya hapo. Hospitalini mlo ukishuka chini ya kalori 800 kwa siku unahesabiwa ni mlo wa hatari ambao mtu hapewi bila kusimamiwa, na hii ya wasap haifiki hata nusu ya hapo na hakuna anayemsimamia mtu.

Nauza kwenye duka la dawa maeneo ya Mwanga, kwa hiyo hawa watu nawaona, wengi ni mabinti na kina mama wadogo, na inaniuma kwa sababu wanakuja na matatizo matano tofauti bila kujua kwamba chanzo ni kimoja. Naomba niyapange hapa taratibu.

Tuanze na hiyo ahadi yenyewe. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni akiba ya kalori kama 7,700. Kilo kumi ni 77,000. Ili uzimalize ndani ya siku saba unatakiwa uchome kalori 11,000 kila siku zaidi ya unachokula, na wewe mwili wako mzima unatumia 2,000 hivi. Yaani hata ukifunga mdomo kabisa usile kitu wiki nzima, siku saba mara 2,000 ni 14,000, ambayo ni mafuta yasiyofika kilo mbili. Hiyo ni hesabu ya kuzidisha na kugawanya tu, hakuna limao wala tangawizi inayoibadilisha.

Ila mizani inashuka kweli, nani abishe, mtu anapanda mizani Jumatatu ya pili anakuta kilo nne au tano zimeondoka na hapo ndo anaamini kabisa na kumfowadia mwenzake. Kilichoondoka ni maji kwa sehemu kubwa. Mwili unatunza wanga wa akiba kwenye ini na kwenye misuli, unaitwa glaikojeni, mtu mzima anakuwa nao kama nusu kilo, na kila gramu ya huo wanga inakaa na gramu kama tatu za maji. Ukikata chakula ghafla sehemu kubwa ya ile akiba inaisha ndani ya siku chache na maji yake yanatoka kwa njia ya mkojo, hapo unakaribia kilo mbili. Ongeza chumvi ambayo figo zinaitoa zaidi pale insulini, ile homoni inayoshusha sukari ya damu, inaposhuka, nayo inaondoka na maji yake, ongeza tumbo ambalo halina kitu ndani, ndo unapata hizo kilo. Siku utakayokula ugali na migebuka kama watu wote zinarudi ndani ya siku mbili, mtu anaona amenenepa upya anajilaumu hana msimamo, kumbe ni maji yamerudi mahali pake.

Sehemu nyingine ya kile kilichopungua ni nyama, na hii ndo inayonitisha zaidi. Ubongo unataka sukari muda wote. Wanga ukiisha na chakula hakiji, mwili unaanza kuvunja misuli ili utengeneze sukari kutoka kwenye protini. Baadaye unajifunza kutumia zaidi mafuta, ila misuli haiachi kuliwa, hasa kama hicho kidogo unachokula hakina protini ya kutosha na umelala tu ndani huna nguvu ya kutembea. Na moyo nao ni msuli.

Mwili haujui kwamba una sendofu. Hauwezi kutofautisha njaa ya kujitakia na njaa ya ukame, kwake zote ni dalili kwamba chakula kimeadimika na inabidi uishi mpaka kipatikane. Kwa hiyo unafanya kama nahodha wa boti aliyeko katikati ya ziwa akagundua mafuta ya injini hayatoshi kumfikisha Ujiji, anapunguza mwendo na kuzima kila kisicho cha lazima. Homoni za tezi ya thairoidi zinashuka, mapigo ya moyo yanapungua kasi, joto la mwili linashuka, nywele na kucha zinawekwa pembeni, uzazi unafungwa. Wakati huo huo homoni ya njaa inapanda na ile inayokwambia umeshiba inashuka, ndo maana mtu anaota chapati usiku.

Haya hayajakisiwa. Mwaka 1945 kule Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwachukua vijana wa kiume 36 wenye afya nzuri waliojitolea, walikuwa wamekataa kwenda vitani kwa sababu ya imani zao, akawapa chakula cha njaa nusu kwa wiki 24 ili ijulikane namna ya kuwasaidia watu wa Ulaya waliokuwa wakifa njaa kwa vita. Walikula kama kalori 1,570 kwa siku. Soma tena hiyo namba, ni zaidi ya mara nne ya ratiba ya wasap. Walipoteza karibu robo ya uzito wao, nishati ambayo mwili unatumia ukiwa umetulia ilishuka kwa karibu asilimia 40, walisikia baridi katikati ya majira ya joto, wakawa na hasira, huzuni, hawataki kuongea na watu, wengine wakawa wanasoma vitabu vya mapishi mchana kutwa. Vijana waliokuwa wachangamfu kabisa. Na waliporudishiwa chakula wengi hawakushiba kwa miezi, na mafuta yakarudi mwilini mapema kuliko misuli.

Ile baridi naijua kwa macho. Kuna binti alikuja dukani saa saba mchana, jua la Kigoma la saa saba unalifahamu, amevaa sweta zito limefungwa mpaka shingoni. "Shikamoo dada." "Marahaba mdogo wangu." Akaomba kipimo cha mimba. Nikamkumbuka, alishachukua kingine kabla. Nikamuuliza vipi, kile kilisemaje, akainama kwenye kaunta akaongea kwa sauti ya chini, "Kilisema hamna, lakini dada mwezi wa tatu huu sijaona siku zangu, na mwenzangu ameanza kuniangalia vibaya." Nilipompa chenji vidole vyake vilikuwa vya baridi kama ametoka kushika barafu, na kucha zina rangi ya bluu kwa mbali. Nikamuuliza unakula nini mdogo wangu. Akanyamaza, halafu akaanza kunisomea ratiba, limao, mayai, tango.

Hakuwa na mimba. Ubongo ukiona nishati inayoingia haitoshi hata kuendesha mwili wenyewe unazima ile amri inayoenda kwenye ovari, yai halikomai, damu haitoki. Watu wanafurahi wanasema afadhali nimepumzika pedi, ila ikikata maana yake na estrojeni, homoni ya kike, imeshuka, na bila estrojeni mifupa inapoteza madini. Kwa binti wa miaka 16 au 19 hiyo ni hasara kubwa, kwa sababu huo ndo umri wa kujenga mifupa atakayoitumia mpaka uzee. Nilimwambia aende hospitali wampime vizuri na asiogope kusema ukweli wa anachokula, akaenda na mama yake.

Nywele nazo. Zinaanza kutoka kwa vishungi miezi miwili au mitatu baada ya njaa kali, sio wiki ile ile, kwa hiyo mtu analaumu rasta au dawa ya nywele ya saluni na wala haunganishi na kile alichofanya kabla ya harusi. Kwa kawaida zinarudi chakula kikirudi, lakini zinachukua miezi.

Sasa tuje kwenye moyo. Miaka ya 1977 na 1978 Marekani kulikuwa na mtindo wa kuishi kwa kinywaji cha protini peke yake, kalori kama 300 hadi 400 kwa siku, na protini yenyewe hafifu iliyotengenezwa kwa ngozi na mabaki ya mifugo. Makumi ya watu walikufa. Vifo vilipochunguzwa, kulikuwa na wanawake ambao hawakuwa na historia yoyote ya ugonjwa wa moyo, walikuwa wamepungua vizuri tu na watu wanawasifia, halafu moyo ukaanza kupiga hovyo na kusimama. Moyo unapiga kwa umeme, na umeme huo unategemea potasiamu, magineziamu na kalsiamu. Unapojinyima, misuli ya moyo inakonda na haya madini yanapungua ndani ya seli, na kipimo cha damu kinaweza kuonyesha sawa wakati ndani ya seli kumeisha. Kwa hiyo mtu anayepungua haraka akaanza kusikia moyo unadunda na kuruka, kizunguzungu akisimama, akazimia, asiambiwe ni presha ya kushuka anywe soda, apelekwe hospitali apigwe kipimo cha umeme wa moyo.

Na watu wanazidisha hatari kwa dawa za kuharisha. Hizi chai za kukata tumbo zinazouzwa mtandaoni nyingi zina majani ya sena, ambayo ni dawa ya kufungua choo, na wengine wananijia moja kwa moja wanataka bisacodyl za kumeza kila usiku. Ukiharisha, kalori nyingi zimeshafyonzwa juu kwenye utumbo mwembamba, unachotoa ni maji na potasiamu, ile ile potasiamu ambayo moyo unaililia. Vidonge vya kukojoa ni hivyo hivyo. Nakataa kuvitoa kwa kazi hiyo na nimeshatukanwa kwa sababu yake, sijali. Vile vidonge vya kupunguza mwili visivyo na maelezo ya kueleweka ndo kabisa, maana vingine huko duniani vimekutwa na sibutramine imefichwa ndani, dawa iliyoondolewa sokoni Marekani na Ulaya mwaka 2010 kwa sababu ya kuletea watu matatizo ya moyo na kiharusi.

Kitu cha kwanza ambacho mtu wa Kigoma anakifuta akianza dayati ni mawese. Naelewa, kijiko kimoja cha chakula cha mafuta yoyote ni kalori kama 120 na sisi hatupimi kwa kijiko, tunamimina. Kupunguza ni sawa kabisa. Kufuta kabisa huku unapungua kwa kasi kuna shida yake: nyongo inakaa kwenye mfuko wake ikisubiri mafuta yaingie tumboni ndo mfuko ubane uitoe, yasipoingia inakaa pale siku na siku, huku mafuta ya mwilini yanayeyuka na kumwaga kolesteroli nyingi kwenye hiyo hiyo nyongo, inakuwa nzito, inaganda, yanakuwa mawe. Wanaopungua zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki wako kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata mawe ya nyongo. Maumivu yake yanakuja upande wa kulia chini ya mbavu, yanapanda mpaka begani, mtu anaweza kufikiri ni vidonda vya tumbo akameza dawa za vidonda mwezi mzima.

Halafu malaria, ambayo huku kwetu ni ya kila siku na hizi ratiba hazina habari nayo. Dawa ya mseto inafyonzwa vizuri ikiwa na chakula chenye mafuta kidogo, ndo maana tunasema kila siku meza baada ya kula. Mtu aliyeko kwenye limao na tango anameza dozi yake tumbo tupu, dawa inaingia kidogo, homa haiondoki, anarudi analalamika dawa feki. Ukiugua, dayati inasimama siku hiyo hiyo.

Swali ninaloulizwa sana, hasa na watu wa Ujiji, ni hili: mbona tunafunga Ramadhani mwezi mzima na hatuharibiki? Ni swali zuri. Kwenye funga mtu anahamisha saa za kula. Kuna futari, kuna daku, kuna uji, tambi, mihogo, maharage, nyama, samaki, na wengi wakijumlisha usiku mzima wamekula chakula cha siku nzima, wengine wanazidisha. Na dini yenyewe imempa ruhusa mgonjwa, na mwanamke mwenye mimba au anayenyonyesha akihofia afya yake au ya mtoto, asifunge. Kukaa masaa 13 bila kula ukijua jioni kuna mlo kamili, na kuishi kwa kalori 350 wiki tatu mfululizo, hayo ni mambo mawili ambayo hayakutani popote.

Swali la pili ni gumu zaidi na nadhani ndo linalowachanganya hata wasomi. Mtu anasema, nimesoma kwamba Uingereza wanawapa wagonjwa wa kisukari mlo wa kalori 800 na wanapona. Kweli kuna utafiti ulifanyika kule, matokeo ya mwaka wa kwanza yakatoka 2017, wagonjwa wa kisukari aina ya pili wakapewa mlo wa kalori kama 830 kwa siku kwa miezi mitatu hadi mitano na karibu nusu yao baada ya mwaka sukari ilikuwa imeshuka chini ya kiwango cha kisukari bila dawa. Ni habari nzuri sana. Ila angalia walivyofanya. Kile chakula kilitengenezwa maalumu kikiwa na protini, vitamini na madini yote, dawa za sukari na za presha zilisimamishwa na watabibu siku ya kwanza, kulikuwa na vipimo na mtu wa kuwafuatilia, na baadaye chakula cha kawaida kikarudishwa hatua kwa hatua. Na hata kwa uangalizi huo kuna mtu alipata maumivu ya mawe ya nyongo. Wewe ukiwa nyumbani Gungu au Kasulu unameza kidonge cha kisukari cha glibenclamide asubuhi halafu mchana unakula tango, sukari inashuka mpaka unaanguka, kwa sababu ile dawa inalazimisha kongosho kutoa insulini uwe umekula au hujala. Kama unatumia dawa za sukari usiguse ratiba yoyote ya kujinyima kabla hujaongea na daktari wako, hapo sina lugha laini. Wajawazito, wanaonyonyesha, watoto na vijana ambao bado wanakua, wenye TB, nao hivyo hivyo.

Kuna jambo moja linalovunja watu moyo, kwamba hata wanaofanikiwa kushuka sana mwili unawakumbuka. Washiriki 14 wa shindano moja la televisheni la Marekani la kupunguza uzito walipimwa tena miaka sita baadaye, utafiti ukatoka 2016, wengi walikuwa wamerudisha kilo nyingi walizopoteza, na bado miili yao ilikuwa inachoma kama kalori 500 pungufu kwa siku kuliko inavyotegemewa kwa mtu wa mwili ule. Wale walipungua kwa mazoezi makali ajabu pamoja na kula kidogo. Sisemi hivi ili mtu akate tamaa, kitambi na mwili mzito vinaleta presha na kisukari na kupungua kuna faida hata ukitoa asilimia tano tu ya uzito wako, nasema ili mtu akirudi kunenepa baada ya dayati ya njaa asijione mvivu.

Kinachofanya kazi hakina msisimko. Punguza kama kalori 500 kwa siku utashuka karibu nusu kilo kwa wiki, na kwa chakula cha hapa hizo 500 hazipo mbali. Soda ya mililita 300 ina sukari gramu 30 hivi, kalori kama 120, mbili kwa siku zimeondoka hizo 240. Punguza tonge, sahani ya ugali iwe nusu ya uliyozoea, iwe wa muhogo au mahindi haijalishi, jaza pengo kwa mchicha au sombe, yaani kisamvu, iliyopikwa kwa kijiko cha mawese kilichopimwa, na dagaa usiwapunguze hata kidogo kwa sababu ndo protini inayolinda misuli yako na kalsiamu ya mifupa humo humo. Kutoka stesheni kupanda Mwanga kwa miguu badala ya bodaboda, ule mlima unatosha kwa mazoezi ya siku.

Na kama unayesoma hapa uko katikati ya ratiba ya njaa sasa hivi, siku ya sita au ya kumi au zaidi, kuna jambo la kufanya kwa tahadhari, nalo ni kurudi kula. Usivunje kwa pilau na soda mbili za kujipongeza. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wapo wafungwa waliokombolewa wakiwa wamekonda sana wakapewa chakula kingi na wakafa baada ya kula, na sababu sasa inajulikana: wanga mwingi unaingia ghafla, insulini inaruka, inasukuma madini ya fosfeti, potasiamu na magineziamu kutoka kwenye damu kuingia kwenye seli, damu inabaki haina, na moyo na misuli ya kupumua vinashindwa. Hatari inaanza kuonekana kwa mtu ambaye hajala kitu cha maana zaidi ya siku tano, na inakuwa kubwa kwa aliyekonda sana, aliyepungua kilo nyingi kwa muda mfupi, mnywaji wa pombe au aliyekuwa anatumia dawa za kuharisha. Kama ni siku mbili tatu na unajisikia vizuri, rudi na milo midogo, uji, maharage, ndizi za kupika, samaki, ongeza siku hadi siku. Kama ni zaidi ya siku tano, au umevimba miguu, moyo unaruka, umezimia, unachanganyikiwa, nenda kituo cha afya au hospitali kabla ya kujilisha mwenyewe, na ukifika usiseme tu "nasikia kizunguzungu", mwambie daktari nimekula hiki na hiki kwa siku kadhaa, nimepungua kilo kadhaa, na nilikuwa nameza hiki. Hayo maneno matatu ndo yatamfanya apime potasiamu na fosfeti badala ya kukuandikia vitamini na kukurudisha nyumbani.